Nyota za Kaboni na Herufi R

Kila Jumatano baada ya masomo, Gathoni alifuta meza ya maabara ya shule yao huko Ngoingwa, kisha akatandaza kanda zake za karatasi. Zilikuwa nakala za picha za nuru ya nyota. Nuru ikipitishwa kwenye chombo maalumu hujitandaza, buluu mwisho mmoja na nyekundu mwisho wa pili, na gesi za nyota huacha vivuli katikati. Klabu ya sayansi ilitafuta nyota adimu zenye kaboni nyingi. Kivuli cha kaboni hukatika ghafla upande wa nyekundu na kufifia kuelekea buluu. Nyota nyekundu za kawaida hufanya kinyume.

Nakala hazikuwa na rangi, kwa hivyo Mwalimu Nadira aliandika R kwa penseli nyuma ya kila ukanda, kwenye mwisho mmoja. Kila picha ilipangwa na wanafunzi wawili, kila mmoja kwenye bahasha zake mbili, ya kaboni na ya nyota za kawaida, bila kuchunguliana. Kama kazi za wawili hao zingepishana sana, klabu nzima ingekosa maonyesho ya Ruiru.

Siku ya kufundishwa hayo, Gathoni alikuwa kitandani na homa. Kang'ethe, jirani yake wa dawati aliyepangiwa picha zilezile, ndiye aliyemweleza, tena mbiombio kwa sababu mpira ulikuwa unamngoja. "Ni rahisi! Kaboni inafifia ikienda reft. Basi."

Sasa maonyesho yalikuwa keshokutwa, na bahasha ya Gathoni ya kaboni ilikuwa imefura. Nyota adimu gani hizi zinazojaa bahasha? Wenzake walipata chache tu. Alizipanga upya, zikarudi vilevile. Alizipanga tena huku machozi yakimlengalenga. Muhula mzima wa jasho la wenzake ungeharibika kwa sababu yake, na hakujua amekosea wapi. Aliona aibu kuuliza jambo ambalo kila mtu alilijua.

Bahasha za Kang'ethe zilikuwa wazi kwenye meza ya pili. Mwenyewe alikuwa uwanjani.

Gathoni alichungulia. Akahamisha ukanda mmoja ufanane na wa Kang'ethe, kisha wa pili. Alipofika wa tatu, aliutazama tena. Kivuli kilififia kuelekea kushoto, alikiona kwa macho yake! Angesemaje hakioni? Aliziacha kanda zote mezani akaenda kwa Mwalimu Nadira.

"Mwalimu, nimeshindwa. Zangu zimekataa kabisa. Na nimeanza kunakili za Kang'ethe."

Mwalimu hakumgombeza. "Hebu nionyeshe unavyoziweka."

"Naweka R hapa, kushoto."

"Kwa nini kushoto?"

"Si R ni ya reft?"

Mwalimu alifunika mdomo kwa kiganja, lakini kicheko kilimponyoka. "Left, yaani kushoto, inaanza na L, mwanangu. R ni red, nyekundu. Umezigeuza zote!"

Gathoni alitamani ardhi ipasuke immeze. Kang'ethe aliitwa, akaja akihema. "Lakini mimi nilisema reft!" alijitetea.

"Si hiyo ndiyo nilisikia!" Gathoni akafoka.

Alianza upya, R upande wa kulia. Safari hii bahasha ya kaboni ilikonda. Mwalimu alipolinganisha kazi zao, zilikubaliana zote isipokuwa ukanda mmoja, ambao Kang'ethe aliuweka kwenye nyota za kawaida. Mwalimu aliukagua kwa kioo cha kukuzia.

"Gathoni ameona vizuri," alisema. "Hii ni ya kaboni."

Kang'ethe aliinama kuutazama ukanda.

"Ungenakili, Gathoni, mngekubaliana vizuri sana, na nyota hii tungeipoteza," Mwalimu alisema. "Niliwaweka wawili ili mmoja akikosea mwingine aone. Usipoelewa, njoo uniulize, hata kama ni mara ya kumi. Lakini usiseme umeona kitu ambacho ni mwenzako tu aliyekiona."

Gathoni aliitikia kwa kichwa, akapangusa macho.

"Na wewe Kang'ethe," Mwalimu aliongeza, "siku nyingine sema kushoto."