Maji ya Wageni

Ndugu zangu mnaosifiwa huko nje kwa ukarimu, sogeeni. Habari hii inawahusu ninyi kuliko inavyowahusu walevi na wezi.

Kulikuwa na nyumba ya wageni katika kijiji kidogo mlimani, pale ambapo wapanda mlima huanza kuishiwa pumzi. Jioni moshi ulipanda taratibu kutoka jikoni, kuku waliingia bandani, na mwenye nyumba alitoka barazani na beseni la maji ya moto kuwangoja wageni. Watu walimwita Bwana Karibu. Kila aliyefika alikalishwa kwenye benchi, akavuliwa viatu, akawekewa beseni miguuni na kuulizwa swali lilelile: "Pole na mlima. Njiani umekutana na nani?" Hapo gumzo lilikolea mpaka chakula kiive. Bwana Karibu aliwakumbuka wageni kwa viatu vyao, na aliyerudi baada ya mwaka aliulizwa hali ya goti lake. Ungempenda. Hata mimi ningempenda.

Aliyechemsha yale maji alikuwa mkewe. Aliyasikia mazungumzo kupitia ukuta wa mbao, mwiko mkononi, akacheka peke yake kwa vichekesho ambavyo hakuambiwa yeye. Wageni wakishalala, mumewe aliingia chumbani amekauka, maneno yote ameyamalizia kule mbele.

"Leo wamesemaje?" mke aliuliza.

"Nimechoka, mke wangu. Zima taa."

Hakumpiga, hakumtukana, wala hakumnyima chakula. Ndiyo maana mke hakuwa na pa kushtaki. Angeanzia wapi, na nani angemsikiliza, wakati kijiji kizima kilimwona ana bahati? Alikuwa mpweke katika nyumba isiyokosa watu.

Siku moja habari zilifika kwamba dada yake, aliyeuza chai bondeni njia inapoanzia, ameanguka na kuvunjika mkono. "Nenda," mume alisema, huku akimsaidia mgeni kufunga viatu. Mke akaenda, akamuuguza dada yake, na alipoona amepata nafuu akaanza kurudi. Mvua ikamkuta njiani. Akateleza, goti likavimba, akajikongoja nyuma ya wageni wawili. Alipofika barazani hakuweza hatua nyingine. Akaketi nao kwenye benchi, mtandio umemwangukia usoni.

Bwana Karibu akaja ameinama na beseni lake. Akaliweka mbele ya mkewe, akamvua kiatu kwa upole ambao mwanamke yule alikuwa ameshausahau.

"Pole na mlima. Njiani umekutana na nani?"

Machozi yakamlenga. "Nimekutana na mvua," alisema. "Nikaanguka. Na dada yangu..."

Mume akainua uso. "Ah, kumbe ni wewe." Akacheka, akalivuta beseni na kumsogezea mgeni wa pembeni. "Hebu inuka, maji haya ni ya wageni. Jikoni kumepoa tangu uondoke."

Hakuuliza habari za dada, wala goti hakuliona. Mke aliinuka, akawasha moto, akapika, akapakua, akaosha vyombo. Kulipokucha akavaa viatu vyake vikiwa bado vibichi, akashuka, na hakurudi tena.

Siku hizi anauza chai bondeni pamoja na dada yake. Juzi mgeni mmoja aliyekuwa akishuka alimsimulia kwamba huko juu kuna mzee anayemuuliza kila mtu kama amekutana na mke wake njiani.

Mwanamke aliacha kumimina. "Anasema huyo mke anafananaje?"

"Nasi wageni tulimuuliza hivyohivyo. Ana kimo gani, alivaa viatu gani. Alifikiri sana, maskini, mwisho akasema tu kwamba anapika vizuri."

Mwanamke akamjazia kikombe, akampokea mteja mwingine.

Funzo

Ndugu zangu, msimpe mgeni maneno yote mkarudi ndani mikono mitupu. Kabla hujauliza habari za njiani, muulize aliye jikoni siku yake imekwendaje, kisha usikilize jibu mpaka mwisho. Asiyepigwa naye huumia, na siku moja huondoka bila kelele.

Bwana Karibu anachemsha maji mwenyewe sasa. Wageni bado wanafika na gumzo bado linakolea. Lakini wakishalala anaingia chumbani, na hakuna wa kumuuliza leo wamesemaje.