Meza ya Mama Kavuo Imeinama

Kila siku baada ya shule Mwavita alikuwa na kazi tatu, na zote tatu alizifanya mbiombio. Aliteka maji kwenye chemchemi, akatwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaanua nguo kwenye kamba. Kwa haraka zake sombe ilibaki na vijiti, na nguo ziliingia ndani zikiwa bado mbichi. Tantine Adolphine alipotoka kuuliza, mtoto alikuwa keshafika kwa Mama Kavuo.

Tantine Adolphine alikuwa mdogo wake mama yake Mwavita, fundi wa kushona nguo mtaani Mikelenge. Wazazi wa Mwavita walikuwa Kalima wakichimba madini, nao walimwacha binti yao mjini Kindu kwa ajili ya masomo. Masomo! Mtoto huyo wa miaka kumi na mitatu hakuwa na somo lingine kichwani ila biliadi.

Mama Kavuo, mfanyabiashara kutoka Butembo, aliuza sabuni, chumvi na betri. Kando ya duka lake, chini ya bati, aliweka meza ya biliadi. Watu wazima walicheza jioni. Kabla ya hapo watoto walicheza bure, mradi wafagie uwanja na kukipiga brashi kile kitambaa cha kijani.

Meza hiyo ilikuwa na kasoro moja. Mguu wake mmoja ulisimama karibu na mtaro, na kila mvua iliponyesha udongo wa pale ulititia kidogo. Basi mpira wowote uliopigwa polepole ulielekea wenyewe kwenye kona ya mtaro. Wakubwa walilalamika sana. Mwavita hakulalamika hata siku moja. Alisukuma tu, akaegemea fimbo yake, akautazama mpira ukijiendea mpaka tunduni.

"Nani tena?" alikuwa akiuliza, kidevu juu. "Njo miye championi wa Mikelenge muzima!"

"Unashindaka hapa tu," alimwambia rafiki yake Francine.

"Weye una wivu."

Karibu na likizo ya Pasaka ilikuja habari. Kwenye ukumbi wa vijana wa parokia wangechaguliwa watoto watatu wa Mikelenge, wakacheze na wenzao wa mitaa ya Kasuku na Alunguli. Mwavita aliwatangazia wanafunzi wenzake, akamtangazia mwalimu, akamtangazia hata mama muuza mandazi ambaye hakuwa amemuuliza chochote. Kisha alimfuata Tantine kwenye cherehani.

"Tantine, unishonee chemise, shati ya mashindano. Mugongoni uandike CHAMPIONNE."

Tantine hakuinua macho. "Shinda kwanza. Na ile sombe ya jana ilikuwa na vijiti kama fagio."

Jumamosi ya mashindano, Mwavita aliingia ukumbini akitembea kwa maringo. Msimamizi alikuwa Papa Rémy, fundi mwashi, na meza ya pale aliiweka yeye mwenyewe juu ya sementi, akaipima kila upande kwa pimamaji. Mpinzani wa kwanza alikuwa Didier, mvulana mwembamba wa miaka kumi na mmoja, ambaye kifua chake kiliizidi meza kidogo tu. Mwavita nusura acheke.

Alisukuma mpira wake polepole, kama alivyozoea, akaegemea fimbo kuungoja. Mpira ulikwenda nusu ya njia, ukasimama. Akasukuma mwingine, nao ukasimama. Ikawa zamu ya Didier. Aliinama, akapiga, akaingiza. Akainama tena. Kwa muda mfupi Mwavita alikuwa ameshindwa mara mbili mfululizo.

"Meza hii iko mubaya!" alifoka. "Inavuta upande wa mulango!"

Papa Rémy aliweka pimamaji katikati ya meza, na kile kipovu cha hewa kikatulia kati ya alama mbili. "Angalia, mutoto. Iko sawa kabisa."

"Basi pimamaji njo imezeeka!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Mwavita alitoka macho yakimwuma. Hakutaka kujua kama bega lake lilicheza, wala kama alipepesa macho kila alipopiga. Kosa lilikuwa la meza, basi. Mtu akikamatwa na wazo kama hilo, hata umwimbie hasikii.

Ilibaki nafasi moja. Kila mtoto alikuwa acheze na wapinzani wawili, na wa pili wake alikuwa Ilunga, mtoto mwingine wa mtaani, Jumapili mchana. Akimshinda Ilunga vizuri angeweza bado kuwa wa tatu. Jumapili hiyo, watu walipokuwa bado misani, Mwavita alifika ukumbini peke yake, akakuta mlango haukufungwa. Mkononi alikuwa na boksi la sabuni alilolikunjakunja, na begani mchi wa nyumbani. Aliupenyeza mchi chini ya meza, akauinua upande wa mlango kwa nguvu zake zote, akasukuma karatasi ngumu chini ya miguu miwili. Ndiyo, msomaji, hukukosea. Meza nzuri iliyonyooka aliiinamisha, ifanane na ile mbovu aliyoizoea!

Mchana watu walijaa, na Tantine Adolphine naye alikuja. Alikuwa amechoka na amekasirika, maana asubuhi yote alitafuta mchi wa kutwangia sombe asiuone. Papa Rémy alipanga mipira. Kabla mtu hajagusa fimbo, mpira mweupe ulianza kutembea wenyewe. Ulitembea polepole mbele ya macho ya watu wote, ukatumbukia kwenye tundu la kona.

Papa Rémy alipiga magoti, akachungulia chini, akatoka na karatasi ngumu mkononi. "Nani amefanya hii?" Macho yake yalimwangukia Didier. "Asubuhi njo weye ulikuwa na ufunguo ya kufagia."

"Hapana, Papa! Nilifungua, nikafagia, nikaenda misa!" alijitetea Didier.

Tantine alitazama pembeni mwa mlango. Palikuwa na mchi umesimama, na kichwa chake kilikuwa na ufa anaoujua vizuri sana. Alimtazama Mwavita. Hakumnyooshea kidole. Alimtazama tu, akangoja.

Mwavita alitamani sementi ipasuke immeze. Alimwona Didier akifuta machozi kwa mkono wa shati, akaona aibu kuliko siku zote za maisha yake.

"Njo miye," alisema. "Didier hajui kitu. Njo miye nimeweka."

Papa Rémy alivuta pumzi ndefu. "Basi timu ya Pasaka, weye hauko ndani. Tutachagua tena likizo kubwa. Ukitaka kurudi, urudi na mukono wa kucheza, haiko na boksi ya sabuni."

Njiani Tantine alibeba mchi begani, akatangulia kwa hatua ndefu. Walipofika nyumbani Mwavita alilia. "Kwa Mama Kavuo nashindaka kila siku! Hapa ju ya nini nimeshindwa?"

"Ju hujui kucheza!" Tantine aliutua mchi kwa kishindo. "Unajua kona moja ya meza moja. Aliyekuwa anacheza ni mutaro ya Mama Kavuo!"

"Na weye Tantine, unajua nini ya biliadi?"

Tantine aliketi. Hasira ikamshuka.

"Wakati wa vita nilikuwa na umri kama yako. Babu yako Félicien alikuwa mutu wa reli, lakini treni haikuja tena. Kwenye cercle, ile kilabu ya wafanyakazi, kulibaki meza ya biliadi. Mipira ilipotea yote. Ingine askari walibeba, ingine nilikuja kuiona kwa jirani, anasagia nayo pilipili. Ulibaki mweupe tu. Siku masasi ya bunduki inalia huko inje, baba alinifungia ndani naye, akaniambia: piga ule mupira uende mbele, ugonge ukingo, urudi mpaka kwenye ncha ya fimbo yako. Usiangalie dirisha. Angalia mupira. Miaka miwili, Mwavita. Mupira mumoja. Niliogopa, lakini nilipiga."

 Miaka yote hiyo Mwavita alidhani Tantine anajua sindano na uzi tu.

Kesho yake kazi ilianza, na haikuwa tamu. Kwanza Mwavita alikwenda kwa Didier kuomba msamaha. Kisha alikwenda kwa Papa Rémy kuomba msamaha na kuazima pimamaji, na alirudi nyuma mara mbili kabla ya kugonga mlango. Kwa Mama Kavuo alichimba udongo uliotitia, akapanga matofali chini ya ule mguu wa mtaroni, na Tantine akasaidia kuinua. Mama Kavuo alisimama mlangoni akitikisa kichwa.

"Miye nilitoka Butembo kuuza sabuni," alilalamika. "Haiko kulinda watoto wanachimba uwanja yangu!" Lakini jioni wateja waliisifu meza, na hakulalamika tena.

Aliyelia ni Mwavita. Juu ya meza iliyonyooka hakuwa championi wa mtu yeyote. Francine alimshinda. Mdogo wake Francine alimshinda, akatangaza habari hiyo mtaa mzima. Tantine naye aliondoa mipira yote, akaacha mweupe.

"Piga. Urudi kwenye fimbo."

Mpira ulirudi kushoto.

"Umesukuma na bega. Piga."

Ulirudi kulia.

"Umefumba macho. Piga."

"Tantine, nimechoka na huu mupira!"

"Hata miye nimechoka na weye. Piga."

Wiki ya kwanza mpira haukurudi hata mara moja. Wiki ya tatu ulirudi mara mbili, na Mwavita akaruka kama aliyepewa ng'ombe. Mchezo huu una ukweli mchungu ambao hakuna aliyemwambia mwanzoni: sehemu kubwa yake ni kurudia jambo moja dogo mpaka mgongo uume, na siku ukidhani umelijua, linakukimbia. Kulikuwa na siku alitupa fimbo. Aliiokota mwenyewe. Jambo lingine lilibadilika bila yeye kulitambua: sombe haikuwa na vijiti tena, kwa sababu Tantine hakukanyaga kwa Mama Kavuo kabla ya kukagua chungu.

Likizo kubwa ilipofika, Mwavita alirudi ukumbini. Didier alimshinda tena, ila safari hii kwa mpira mmoja tu, na Mwavita akampa mkono. Nafasi ya tatu ikabaki kati yake na Ilunga. Walikwenda sawa mpaka ukabaki mpira mweusi, katikati ya ukingo, mbali. Mwavita aliinama. Moyo ulimdunda na nje watoto walipiga kelele, lakini hakuangalia dirisha. Alipiga moja kwa moja. Mpira mweusi ulinyooka, ukaingia.

Papa Rémy aliandika jina lake kwenye karatasi. Francine alipiga mayowe. Mwavita alimkimbilia Tantine, akijaribu kuficha tabasamu asiweze.

"Tantine, ile chemise sasa?"

"Nitashona. Lakini mugongoni nitaandika Mikelenge, basi." Tantine alimfuta vumbi la chaki shavuni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Sikia, mutoto wangu. Ile meza ya kuinama ilikuwa inakusifu bure, na weye ulipenda kusifiwa. Njo hiyo ilitaka kukufanya umuache Didier alie ju ya kosa yako. Sasa umefanya kazi, umeshindwa mara mingi, na hii kidogo umepata ni yako kweli. Siku ingine mutu akikuambia uko mukali, usifurahi mbio. Uliza kwanza kama meza iko sawa."

"Ndiyo, Tantine."

"Na bega lako la kuume bado linacheza. Kesho, mupira mweupe."

Mwavita aliguna kwa sauti hata Papa Rémy akageuka. Lakini kesho yake, sombe ilipokwisha twangwa vizuri, alikuwa wa kwanza kufika kwa Mama Kavuo, na kabla ya kushika fimbo aliinama akautazama ule mguu wa mtaroni.