Aliyelala kwa Babu Usiku wa Sensa

Mama alikuwa hawezi tena kuhesabu watoto wake mwenyewe, lakini asubuhi ile alihesabu watu waliokuwa mezani bila kusita. "Tuko watatu," alisema, akasogeza kikombe chake ili mwenzake apate nafasi. Walikuwa wawili tu: yeye na binti yake, fundi cherehani ambaye watu wa nyumbani walimwita Kitindamimba tangu kuzaliwa, na kwa kuwa hakuna aliyezaliwa nyuma yake, jina likamganda hadi alipoota mvi.

Kitindamimba alicheka kidogo. Ukiishi na mzee anayesahau unajifunza kucheka mapema, kabla kilio hakijakuwahi. Akamuuliza huyo wa tatu ni nani.

Mama alimtazama kwa macho ya adabu, yale anayotazamwa nayo mpita njia. "Kaka yangu," alisema. "Nani mwingine? Si wewe uliyenionyesha?"

Tuelewane mapema: Kitindamimba hakuwa mtu wa kuchokoza majini. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake amwite kwa jina lake. Mwaka ulikuwa umepita hajalisikia, naye aliona haya kusema jinsi lilivyomuuma, mtu mzima kama yeye. Daktari alishauri mama azungumziwe watu wake wa zamani, maana kumbukumbu za utotoni ndizo huondoka mwisho. Basi kila alipomaliza kushona sare za shule, Kitindamimba alikwenda kwenye chumba cha nyaraka, ambako vitabu vya ubatizo na vya mazishi vya parokia vilihamishiwa paa lilipoanza kuvuja, vikawekwa pamoja na karatasi za sensa za zamani. Kila ndugu aliyempata humo alimshonea kiraka kwenye shuka kubwa: babu kaki, bibi maua, mama buluu. Shuka akalitundika mbele ya kitanda cha mama.

Na lilifanya kazi. Mama alikuwa akigusa viraka na kusimulia nani alikuwa mchoyo, nani alilala akitafuna, nani alimwogopa kuku. Siku mbili tatu alimtazama binti yake kama mtu aliye na neno kwenye ncha ya ulimi. Kitindamimba akazidisha bidii.

Tatizo lilikuwa hesabu. Kitabu cha ubatizo kilitaja watoto sita wa babu, wote sita. Karatasi ya sensa ilikuwa na watu tisa: babu, bibi, watoto sita, na mmoja zaidi.

"Sensa haihesabu ukoo," karani wa nyaraka alimweleza. Alikuwa mzee mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani kwa ncha ya tai. "Inahesabu aliyelala humo usiku ule. Awe wa ukoo, awe wa njia."

"Lakini huyu hana jina. Hana hata umri."

"Ila babu yako aliulizwa huyu ni nani kwake. Soma hapo. Babu yako alijibu, mgeni."

Kitindamimba akafunua karatasi ya sensa iliyofuata, ya miaka kumi baadaye. Nyumba ile ile, na mstari wa mwisho ule ule, hauna jina, hauna umri. Mgeni.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alitania. "Huyu miaka kumi yote hajapewa?"

Karani hakucheka. "Mtu akilala kwako miaka kumi na bado unamwita mgeni, dada yangu, una sababu. Mwache kama alivyoachwa."

Ushauri mzuri, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Kitindamimba hakuona mgeni pale. Aliona mtoto wa nje, au mtoto mwenye kilema, aliyefichwa asibatizwe, akazikwa kimyakimya na baba mwenye aibu. Alimkasirikia babu yake njia nzima hadi nyumbani. Jioni ile alikata kiraka cheupe, akakishona ubavuni mwa kile cha mama, chini yake akatarizi: mjomba.

"Na huyu?" mama aliuliza.

"Kaka yako, mama. Walimsahau."

Mama aliweka kiganja juu ya kiraka, akakiacha hapo muda mrefu. "Maskini," alisema. "Kaka yangu. Karibu nyumbani." Shuka likajaa na kunywea, mara moja, kama kifua cha mtu, na dirisha lilikuwa limefungwa. Kitindamimba alijiambia ni upepo wa mlangoni.

Ndiyo asubuhi iliyofuata mama akawahesabu watatu.

Harufu ndiyo iliyotangulia: harufu ya nguo iliyokunjwa mbichi ikasahauliwa sandukuni. Alifua mapazia, akaanika magodoro, akachoma udi, na harufu ikabaki pale pale, ila sasa ilikuwa ikihama. Asubuhi sebuleni, mchana jikoni, na jua likishuka imekaa kitandani kwa mama, upande wa ukutani. Mama mwenyewe alinenepa na kuchangamka. Alikula vizuri, akacheka peke yake, na kila siku alipoguswa na binti yake alishtuka zaidi kuliko jana.

Kisha mchana mmoja, jua likiwa la utosi na watoto wa jirani wakipiga kelele nje, Kitindamimba alikuwa anapitisha uzi kwenye sindano aliposikia mama yake anasomeshwa. Hakuna neno jingine la kulisema jambo lile: upande wa pili wa ukuta kulikuwa na sauti inayouliza na mama anayejibu, na ile sauti haikuwa ya kiume wala ya kike, ilikuwa ya mtu ambaye midomo yake iko karibu mno na sikio lako, hata Kitindamimba aliyekuwa chumba kingine akajikuta amefunika sikio kwa kiganja.

"Watoto wako wangapi?"

"Wawili," mama alisema, kwa bidii ya mwanafunzi. "Kifungua mimba, na yule wa kati."

"Na mwingine?"

"Mwingine hakuna."

"Vizuri," sauti ikasema. "Tena."

Kitindamimba akasimama, na kiti kikaanguka, na mle chumbani mkanyamaza, na katika ule unyamavu akasikia kitanda kikilia jinsi kinavyolia mtu mzito anapoinuka, halafu nyayo, si za kukimbia, nyayo za mwenye nyumba, zikija hadi mlangoni na kusimama, na harufu ikapita chini ya mlango ikampanda miguuni, naye akabaki ameshika sindano mbele yake kana kwamba sindano itamfaa kitu, mpaka mama alipoita kutoka ndani, kwa upole, "Kaka, mwache huyo, ni mshonaji tu."

Aliogopa, na aliumia. Kwa kweli kuumia ndiko kulikozidi.

Usiku huohuo alifumua kile kiraka. Kilitoka bila shida, chini yake shuka lilikuwa la kawaida. Lakini mama alikaa kitandani ameinua mkono, vidole vimekunjwa juu ya kitu kisichokuwapo, kama mtu aliyeshikwa mkono.

Mganga aliyemwita alikuja siku ya pili yake. Alikuwa mama mnene, mkavu wa maneno, na hakukubali kuingia ndani kabla ya kusikia habari yote. Walikaa uani, wakinong'ona.

"Babu yako alikuwa na akili," mganga alisema. "Alishindwa kumfukuza, lakini hakumpa udugu. Mgeni ana mahali pa kuishia, mwanangu. Ndugu huingia mpaka jikoni, mpaka kitandani, mpaka kichwani."

"Kiraka nimeshakifumua."

"Uzi unafumuka. Neno je? Mkubwa wa nyumba hii ni mama yako. Yeye ndiye aliyesema kaka, akasema karibu. Ni yeye tena atakayesema simjui, atoke. Likishatoka kinywani mwake nitalisimamia, na hakuna atakayelirudisha. Hata mimi siwezi."

"Mama hajui anachosema siku hizi."

"Hana saa zake nzuri?"

"Asubuhi. Akishaoga."

"Basi kesho asubuhi."

Kitindamimba alimshika mkono. "Nakuomba kitu kimoja. Usimtajie jini. Moyo wake ni mdogo, atakufa kwa hofu. Muulize taratibu tu."

Mganga alimtazama, kisha akakubali. Hata waganga wana mama.

Asubuhi mama alikuwa safi, amechanwa nywele, macho yake yametulia kama ya zamani. Alimsalimia mganga, akauliza habari za safari. Kitindamimba alipiga magoti pembeni ya kiti chake, amejaa matumaini. Harufu ilikuwa imesimama nyuma ya kiti. Mganga akainyunyizia maji sakafu, akasema maneno yake chini kwa chini, muda mrefu, mpaka vikombe vikaanza kugongana vyenyewe kabatini, taratibu, kama meno ya mtu anayesikia baridi.

"Mama," akauliza kwa sauti laini, "humu ndani yupo asiye wako?"

"Yupo," mama alisema.

Vikombe vikatulia.

"Unamjua?"

"Simjui. Nasumbuka naye siku nyingi. Ananigusagusa, ananiita mama." Machozi yakamtoka. "Naona aibu kumwambia."

"Mwambie leo, mama. Mwonyeshe, mwambie."

Mama akainua kidole. Kilipita shuka, kikapita kitanda, kikashuka polepole hadi usoni pa mwanamke aliyepiga magoti karibu naye.

"Huyu," alisema. "Simjui. Atoke."

"Mama, ni mimi," Kitindamimba alisema. Aligeuka kwa mganga, aliyemleta yeye mwenyewe, ambaye jana alimshika mkono uani, na akaona jinsi uso ule ulivyokuwa ukimsahau, kwanza kinywa, halafu macho, kama vumbi linavyofutwa kwenye meza.

"Neno la mkubwa umelisikia, dada," mganga alisema kwa heshima. "Usitusumbue." Na mkono wake ukamsukuma, na kuna mkono mwingine, mpana na wenye unyevu, uliomsukuma pamoja nao, mpaka miguu yake ikavuka kizingiti bila yeye kuiamuru. Mlango ukafungwa nyuma yake. Kitasa alikiona, lakini kila mkono wake ulipokifikia ulishika hewa.

"Mama," aliita kutoka nje. "Mama, nifungulie."

"Nani huyo anayelia?" mama aliuliza ndani.

Akajibiwa kwa sauti ambayo Kitindamimba aliijua, kwa kuwa ilikuwa yake, pamoja na mkwaruzo wake wote wa mafua ya utotoni: "Hakuna mtu, mama. Ni upepo. Kunywa chai."

Mama akanywa funda moja. Kisha akasema, waziwazi, kwa ile sauti ya zamani iliyojaa mapenzi, "Haya, Kitindamimba wangu. Funga dirisha, basi."