Mayai Yaliyodhaniwa Yanachemka

Kisa hiki ni kweli tupu, naapa mbele ya kuku wote waliohusika.

Kila akitoka shule, Najua alivua viatu na kuingia chumba cha mashine ya kutotolea vifaranga, kumsaidia shangazi yake. Jina hilo alibandikwa kwa sababu kila alipoelekezwa jambo, alidakia, "Najua!"

Siku hiyo shangazi alikuwa ametia themometa mpya, ya zamani ilivunjika. "Mayai yanaanguliwa kesho," alisema. "Joto ni lile lile, thelathini na saba na nusu. Ila themometa hii inasoma kwa—"

"Najua, shangazi!"

"Haya, bingwa. Nipo kwa jirani."

Najua akachungulia themometa kupitia kioo cha mashine. Tisini na tisa na nusu!

"Mama wee, yanachemka!" Akachomoa waya, akafungua mlango, akapepea kwa kifuniko cha ndoo. Tisini. Themanini na tano. Bado moto! Ndani ya yai lenye ufa, kifaranga alilia, kisha mlio ukafifia. Alitaka kukimbilia kwa jirani, lakini aibu ikamfunga miguu: bingwa anaulizaje?

Mlio ukakatika. Hapo aibu ikamtoka.

"Shangazi! Njoo! Sijui!"

Shangazi alifika na kandambili moja. Akagusa mayai, akafunga mlango, akarudisha umeme. "Umewapiga baridi watoto wa watu! Hizi ni nyuzi za Farenhaiti, si za Selsiasi tulizozoea. Toa thelathini na mbili, gawa kwa tisa, zidisha kwa tano."

Najua akahesabu. "Sitini na saba na nusu… saba na nusu… thelathini na saba na nusu! Kumbe joto lilikuwa sawa!"

"Sawasawa. Farenhaiti, aliyebuni kipimo hiki, alianzia sifuri kwenye baridi ya barafu na chumvi, ndiyo maana kwake maji huganda kwenye thelathini na mbili. Selsiasi naye, mwenye kipimo chetu, akaweka hatua mia kati ya kuganda na kuchemka. Tena mwanzoni sifuri yake ilikuwa kuchemka, na mia kuganda!"

"Unanitania."

"Sikutanii. Baadaye wenzake waliigeuza. Sasa nyamaza tusikilize."

Kimya. Najua aliuma kidole. Themometa ilipanda polepole, na bado kimya. Halafu, mlio mwembamba kama uzi.

Machozi yakamtoka. Shangazi akamshika bega. "Kutojua si kosa, mwanangu. Kosa ni kuficha, wengine wakaumia."

Kesho yake mayai yote yakaanguliwa, halikubaki hata moja.

"Yote, babu?" ananiuliza Najua, anayesoma hapa begani kwangu ninapoandika.

Haya, matatu yaliharibika. Nimenaswa. Kaniletea ufagio, adhabu ya kutia chumvi: banda la kuku leo nafagia mimi.