Viazi Vilivyongoja Sakitu

Kila asubuhi nilichota maji, nikawafungulia kondoo, kisha nikaanza kazi niliyoichukia: kupeleka maneno. Mama na Bibi Saturnina, mama yake mzazi, walipika jiko moja lakini hawakuwa wamesemeshana tangu mavuno. Mama alitaka tuuze viazi vyote, tununue mchele. Bibi alitaka tufanye chunyo: viazi vilazwe uwandani usiku wa sakitu, baridi ivigandishe, asubuhi vikanyagwe vitoke maji, vikikauka vitulishe mwaka mzima.

"Chunyo ni chakula cha wazee," Mama alisema.

"Ndiyo iliyomlea huyo anayeidharau," Bibi akajibu.

Mwishowe, kupitia mimi, walikubaliana: nusu viuzwe, nusu viwe chunyo. Ikabaki kuchagua siku, na majira ya sakitu yalikuwa yanakwisha.

"Nayra, mwambie mama yako avitandaze leo," alisema Bibi. Mama alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake.

"Mwambie bibi yako redio imesema mawingu na mvua. Vikilowa vitaoza."

"Mwambie redio haijawahi kulima."

Nilikwama katikati. Sikuwa na pa kukimbilia. Jioni nikamfuata Bibi zizini, nikamwambia, "Mama amekubali." Nikarudi kwa Mama: "Bibi amesema tungoje." Wote wawili walitabasamu.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia alfajiri. Uwanda ulikuwa mweupe kwa sakitu, na Bibi amesimama peku, tayari kukanyaga. Viazi vilikuwa bado maguniani.

"Mbona havijatandazwa?" alimuuliza Mama.

"Si wewe, mama, uliyesema tungoje?" Mama akashangaa.

Wakanigeukia. Nikaungama yote huku nalia. "Nimechoka. Kila mtu ananitwika mimi."

Mama akaketi juu ya gunia. Bibi alitazama anga.

"Baridi bado ina siku tatu, labda. Remedios," akamwambia Mama, "shika upande ule wa gunia."

"Nimeshika, mama."

Sakitu ilishuka siku zote tatu. Kila asubuhi tulikanyaga viazi, na siku ya nne tukavikanyaga mara ya mwisho, sote pamoja, maji yakiruka hadi magotini.

"Ulikosa, Nayra," alisema Bibi. "Uongo wako wa kutufurahisha nusura ututie njaa. Lakini sisi tulikosa zaidi. Mwenye neno na mwenziwe amwambie mwenyewe, asimbebeshe mtoto."

Mama akanigeukia. "Nayra, mwambie bibi yako..." Akajikatiza, akamtazama Bibi usoni.

"Mama, sogea kidogo. Unanikanyaga."

Bibi akasogea.