Vidonge vya Janeal na Uvimbe wa Renae

Bonde letu ni la bata mzinga na vitamini. Wanaume wanafuga bata mzinga, wanawake wanauziana vidonge sebuleni. Leo unanunua kwa binamu, kesho kwa jirani mnayesali naye. Ukikataa, wanaona umemkataa mtu, si chupa. Mimi Nedra Sorensen nimezeeka humu Utah, Marekani, na kabati langu limejaa vidonge ambavyo hata sijui vinatibu nini.

Jumamosi moja ya Septemba tulikuwa jikoni kwangu, tunapika mapichi ya kuweka akiba. Tunayamenya, tunayafungia kwenye chupa za kioo, tunayala baridi nzima. Tulikuwa watatu: mimi, binti yangu Janeal, na Renae, mke wa mwanangu DeVon. Renae ni mpishi wa shule. Mikono yake haijui kupumzika. Lakini siku hiyo kila mara alikuwa anajishika karibu na kwapa, juu ya aproni.

"Unatafuta nini huko?" nikamuuliza.

"Hamna kitu, Mama."

Janeal akacheka. "Mwache mwenzio, Mama. Wifi, umemeza za mchana?"

Renae akatoa kikopo mfukoni. Akamimina vidonge kiganjani, vya njano, vya kijani, vingine vikubwa kama maharage. Akavimeza vyote.

"Hivi ndivyo vinavyonikinga na saratani ya matiti," akasema.

"Nani kakwambia?"

"Mimi," Janeal akadakia. "Vitamini D, vitamini E, na mchanganyiko wetu maalumu. Saratani haisogei."

Ngoja niwaambie jambo. Mama yake Renae alikufa kwa saratani ya matiti, na Renae anaiogopa mpaka leo. Binti yangu alijua hivyo. Ile hofu ndiyo aliyoifanyia biashara. Mwaka uliopita kliniki ilimwita Renae akapigwe picha ya matiti, ile ya eksirei. Renae akapiga simu kuahirisha. Aliona haina haja, maana vidonge anavyo.

Janeal akatoka kwenda kuchukua sukari kwenye gari. Mlango ulipofungwa tu, Renae akaweka kisu chini.

"Mama, nina uvimbe."

"Wapi?"

"Kwenye titi. Hauumi. Niliugusa nikioga."

"Lini?"

"Kabla shule hazijafungwa."

Shule zilifungwa Mei! Majira yote ya joto yalikuwa yamepita. Watoto walikuwa wamesharudi darasani.

"DeVon anajua?"

"Hapana. Nilimwambia wifi tu."

Hasira zilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Janeal akaingia na sukari yake, anaimba.

"Wee Janeal! Ulijua mwenzio ana uvimbe?"

Akasimama pale pale. "Mama, usipige kelele. Ni sumu zinatoka mwilini. Huwa zinajikusanya kwanza, halafu zinatoka."

"Umesomea wapi hayo?"

"Kwenye semina."

"Semina ya wauza vidonge!"

"Sikumwambia asiende hospitali. Nilimwambia asubiri kidogo. Alhamisi nina mkutano mkubwa, wageni wanakuja hata kutoka mji wa Salt Lake. Wifi ndiye atakayetoa ushuhuda jinsi vidonge vilivyomlinda. Nikifaulu napanda daraja kwenye kampuni. Sasa akionekana hospitali wiki hii, watu watasema nini?"

"Watasema yuko hai!" nikamfokea. "Au unataka aje atoe ushuhuda ndani ya jeneza?"

"Mama!"

"Usiniite Mama sasa hivi. Nipishe mlangoni."

Nilizima jiko. Mapichi nikayaacha sufuriani, potelea mbali. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nilikuwa nimemdekeza huyu muda mrefu. Nikamshika Renae mkono, tukavuka uzio kwenda kwa jirani yetu Ofa Mahe. Ofa ni Mtonga wa visiwa vya Pasifiki, na ni muuguzi katika kliniki ya saratani ya bonde letu. Alikuwa anamwagilia nyanya. Alipoona sura yangu akafunga maji.

"Dada Nedra, nani kafa?"

"Hakuna bado. Muulize huyu."

Renae akaeleza. Ofa alimsikiliza bila kumkatiza.

"Dada Renae," akasema, "Jumatatu asubuhi nakutafutia nafasi, na safari hii huahirishi."

"Lakini vitamini..."

"Vitamini nzuri. Mwili unazihitaji, na nyingi tunazipata kwenye chakula. Mboga za majani, matunda, karoti, samaki, mayai. Daktari akipima damu akakuta umepungukiwa, atakupa vidonge. Mimi mwenyewe nimewahi kupewa. Ila kinga ya saratani ya matiti si hiyo."

"Janeal alinisomea utafiti. Wanawake wenye vitamini D kidogo wanaugua zaidi."

"Hata mimi niliusoma. Tafiti kadhaa ziliona hivyo. Basi watafiti wakasema, tujaribu. Wakachukua watu maelfu, hawa wakapewa vidonge vya vitamini, wale wakapewa vidonge visivyo na kitu. Wakawafuatilia kwa miaka. Unajua nini? Wanawake wa pande zote mbili walipata saratani ya matiti karibu sawasawa. Vidonge havikuizuia."

Renae akasema polepole, "Kwa hiyo nilikuwa nameza bure."

"Afadhali ingekuwa bure tu. Vitamini nyingine zikizidi hazitoki, zinabaki mwilini. A ikizidi inaumiza ini, D ikizidi inaumiza figo. Na mtu akiwa kwenye matibabu ya saratani, vidonge vingine vinaweza kuingilia dawa. Njoo navyo vyote, daktari avione."

"Sasa kinachokinga ni nini?" mimi nikauliza.

"Hakuna kinachokinga kabisa, Dada Nedra. Kuna vinavyopunguza hatari. Kutembea na kufanya mazoezi. Kutonenepa kupita kiasi, hasa hedhi ikishakoma. Kuacha pombe. Kunyonyesha pia kunasaidia. Halafu, kupima. Sisi hapa tunaanza picha ya matiti kwenye miaka arobaini, na tunarudia angalau kila baada ya miaka miwili. Ila kama mama yako au dada yako aliugua, mwambie daktari mapema. Huenda uanze kabla ya hapo."

"Na mwenye uvimbe?"

"Huyo hangoji tarehe. Uvimbe, ngozi ya titi kubonyea, chuchu kuingia ndani au kutoa damu, unakwenda mara moja. Uvimbe mwingi si saratani. Lakini huwezi kujua kwa kugusa na kidole."

Renae alilia pale kwenye nyanya. Baadaye akafuta uso, na nikaona amekasirika kuliko mimi. Jioni hiyo alimwambia mumewe. DeVon si mtu wa maneno mengi. Alichukua vile vidonge vyote, akavitia kwenye mfuko wa kupeleka kwa daktari, kisha akakaa karibu na mkewe.

Jumatano Renae alipigwa picha. Siku hiyo hiyo walimchoma sindano ya ganzi, wakachukua kipande kidogo cha uvimbe cha kupima. Majibu yalikuwa hayajatoka Alhamisi ilipofika, lakini alivaa gauni lake la kanisani akasema anakwenda kwa wifi yake.

"Kufanya nini?" nikamuuliza.

"Si nimeombwa ushuhuda?"

Sebule ya Janeal ilijaa. Chupa zimepangwa mezani, keki imekatwa. Janeal alipomwona Renae alitabasamu kwa wasiwasi, akamnong'oneza, "Wifi, fupi tu, tafadhali."

Renae akasimama.

"Nimemeza vidonge hivi miaka miwili, sikuruka hata siku moja," akasema. Wageni wakapiga makofi. "Na nina uvimbe kwenye titi."

Makofi yakakatika.

"Wifi, basi," Janeal akasema.

"Sijamaliza! Kwa ajili ya vidonge hivi niliahirisha picha. Kwa ajili ya mkutano huu niliambiwa ningoje. Mama yangu alikufa kwa ugonjwa huu, wifi, na wewe ulimfahamu. Ulikula kwake!" Akawageukia wageni. "Akina dada, vidonge havioni ndani ya titi. Picha inaona. Nani hapa amezidi miaka arobaini na hajapimwa?"

Mkono mmoja ukapanda, na mwingine, na mwingine. Keki haikuliwa. Wanawake waliondoka wakiulizana namba ya simu ya kliniki, na daraja la Janeal likaishia hapo.

Majibu yakatoka. Ilikuwa saratani. Ilikuwa bado haijatoka kwenye titi, Mungu ashukuriwe, lakini ilikuwa imekua. Daktari alisema wazi kwamba ingeonekana mapema, huenda Renae asingehitaji dawa kali za mishipani. Alizihitaji. Alifanyiwa upasuaji, nywele zikamtoka, akachomwa mionzi. Baridi ilipoisha alirudi kwenye jiko lake la shule, na vipimo vyake vikaonyesha hali njema. Sasa anakula vizuri, anatembea kila jioni na Ofa, na tarehe zake za kupima hakuna wa kumwahirishia.

Mtaniuliza kuhusu Janeal. Aliomba msamaha. Renae alimsamehe, mimi nilichelewa. Ila kuna swali lilikuwa linaninyima raha. Nikampigia.

"Wewe mwenyewe umeshapimwa?"

Akaanza kuniuliza habari za hali ya hewa.

"Una miaka arobaini na tatu, Janeal. Vaa koti, nakuja."

Nilimpeleka mwenyewe. Kliniki wakamwita, akaingia ndani. Nilikuwa sijamaliza hata kurasa mbili za gazeti akawa ametoka, anafunga vifungo, macho mekundu.

"Wamekuumiza?" nikauliza.

"Wamebana kidogo tu." Akakaa karibu yangu. "Mama, ni haya tu? Muda mfupi hivi? Hiki ndicho nilichomwambia wifi angoje?"

"Ndicho hicho," nikamwambia.

Alilia, na sikumnyamazisha.