Aliyehamisha Jua

Kitu cha kwanza mfagizi alichokiona ni kifungo. Shati la bluu, limenyooshwa vizuri, vifungo vyote vyeupe isipokuwa kimoja cheusi cha tumboni. Kengele ya mapumziko ilikuwa imelia, watoto wamefurika koridoni kama siafu, na mwenye shati akajikuta mbele ya sakafu iliyotoka kupigwa deki.

"Samahani, dada. Nitaruka."

"Ruka basi, Mwalimu, tukuone."

Akaruka kweli. Akateleza. Walicheka mpaka machozi, na tangu hapo haikupita asubuhi bila salamu.

Siku hizo mwalimu alifundisha sayari kwa kadi za rangi alizozitandaza sakafuni, kila moja na umbali wake kutoka jua. Mtoto akielekeza kishikwambi kwenye kadi, sayari huibuka kiooni, ikizunguka hewani kana kwamba utaishika.

"Ingia uone," alikuwa akimwambia mfagizi.

"Nina kazi."

Aliogopa kuulizwa swali, mwalimu ajue kuwa hakusoma sana.

Ijumaa moja mfagizi alizikusanya kadi apige deki, kisha akazirudisha kwa utaratibu wake: nyekundu na nyekundu, bluu na bluu. Jumatatu wakaja wakaguzi. Watoto wakainua vishikwambi: jua liko mlangoni, dunia imejibanza pembeni, mwezi umepotelea nyuma ya kabati. Darasa likaangua kicheko.

"Umenifanyia makusudi?" mwalimu alimfokea koridoni. "Mbele ya wageni?"

Mfagizi akainama, akakamua tambara. Kesho yake akaomba kuhamia jengo la pili.

Wiki tatu alideki sakafu ambayo hakuna aliyeiruka. Kisha simu ikaita.

"Haloo, mhamisha jua?"

"Nani kakupa namba?"

"Karani. Nimembembeleza mpaka kachoka. Njoo darasani, mpenzi."

"Mpenzi wa nani?"

"Wa mtu aliyeambiwa hasira hasara, akabisha."

Alikwenda na gauni lake la maua, lile la kutokea. Madawati yalikuwa matupu. Mwalimu akampa kishikwambi. Alipokiinua, sayari yenye pete ikaelea juu ya dawati la mbele, kimya, kubwa, akasahau kupumua.

"Haya, hii ni ya ngapi kutoka jua?" mwalimu akamtania.

Miaka imepita, bado analikumbuka swali lile. Mlango ulikuwa wazi. Angeweza kusema ana kazi.

"Sijui," alisema. "Niliishia darasa la tatu. Kadi zako nilizipanga kwa rangi, nikidhani nakusaidia. Nilinyamaza kwa sababu nakupenda, Mwalimu, nikaona heri uniite mkorofi kuliko mjinga."